Mama Chupa, Mpimaji wa Maji ya Vijito

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chupa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji. Tangu utotoni hakuwa mwepesi wa kuamini. Akipewa glasi ya maji aliiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha taratibu, hata bibi akamuuliza, "We mtoto, unakunywa maji au unayasoma?"

Alianza darasa la kwanza mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1978. Kati ya 1980 na 1983 alisomea ufundi wa maabara ya maji, akatoka chuoni na stashahada pamoja na kovu la tindikali kwenye kidole gumba. Kovu hilo, alisema, ndilo cheti chenyewe.

Tarehe 1 Februari 1984 aliajiriwa na ofisi ya maji, katika maabara ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya pampu. Kazi yake ilikuwa kufuatilia metali nzito kwenye vijito, hasa risasi na zebaki, sumu ambazo hazina rangi wala harufu majini. Kila mwezi alivaa buti za mpira, akabeba kreti lake la chupa, akaingia kijitoni hadi magotini. Jina la Mama Chupa lilianzia hapo, kwa watoto waliomfuata ukingoni wakimwimbia.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa tanuri katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Walijaliwa mvulana mmoja na wasichana wawili.

Machi 2004, chupa zilizochotwa kijitoni chini ya kiwanda hicho zilionyesha risasi mara kumi na nne ya kiwango kinachoruhusiwa. Alirudia Aprili. Alirudia Mei. Mkuu wake akafunga mlango wa ofisi.

"Mama, mashine yenyewe imezeeka. Andika iko ndani ya kiwango, yaishe."

"Mashine nimeirekebisha kwa mkono wangu, mzee. Hapo sisaini."

Lakini kabla ya kupeleka ripoti ngazi za juu, alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Shemeji alikuwa anavua viatu vya kazi. Akiwa na kiatu kimoja mkononi, akauliza, "Umepima vizuri?"

"Mara tatu."

"Basi peleka."

Kiwanda kilifungwa Jumatano, tarehe 9 Juni. Jumamosi yake asubuhi wafanyakazi zaidi ya thelathini walijaa uani kwao. Jirani aliyekuwa akiazima sufuria kila wiki alisimama nao na hakumsalimu. Msimamizi wa tanuri, rafiki wa shemeji wa miaka mingi, alisogea hadi mlangoni.

"Shemeji, umetumwagia unga! Na huyu mumeo pia umemmwagia. Tukale chupa zako?"

Jiwe likagonga bati. Shemeji akataka kutoka, dada akamzuia kwa mkono, akatoka yeye. Alitusimulia baadaye kwamba alishika mwimo wa mlango asije akaanguka.

"Mimi sijafunga kitu," alisema. "Nimesoma maji tu. Jumatatu hospitali inapima damu za watoto, bure. Waleteni. Nikionekana mwongo, rudini hapa mnifanye mtakavyo. Wangu atatangulia."

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amemshika mkono kitindamimba wake wa miaka sita. Wengine walikuja nyuma yake shingo upande, msimamizi na binti yake wakiwa wa mwisho. Watoto arobaini na mmoja walikutwa na risasi kwenye damu. Binti wa msimamizi alikuwamo. Kitindamimba wa dada alikuwamo pia, na kipimo chake kilikuwa cha juu kuliko cha wote, kwani ndiye aliyezoea kucheza majini mchana kutwa, mama yake akiwa kazini.

Dada aliisoma karatasi ile mara mbili, akakaa chini palepale kwenye sakafu ya ukumbi. Msimamizi akaja akakaa kando yake.

Watoto walitibiwa. Kiwanda kilifunguliwa mwaka uliofuata kikiwa na mabwawa ya kusafishia majitaka, ila shemeji hakurudishwa. Akageukia ufundi wa baiskeli, na hatukuwahi kumsikia akilalamika. Dada aliendelea kuchota kila mwezi hadi alipostaafu, Machi 2021.

Agosti 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Katika siku zake za mwisho hospitalini alimwita kitindamimba, ambaye kusoma kulimtesa miaka yote ya shule, akamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nilipima maji ya watu, nikachelewa kwako."

Binti akamjibu, "Mama, sisi tuko arobaini na mmoja. Wote tupo."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na wadogo zake wanne. Na hao arobaini na mmoja, ambao leo wengi wao ndio waliobeba jeneza lake.

Dada, pumzika sasa. Amani iwe nawe.