Mvua ya Kwenye Karatasi

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, na kiangazi hiki kimelikausha mpaka ubao wa kati umepasuka. Ukikaa vibaya linakufinya. Siku ile tulikuwa na birika la kahawa kama kawaida, nami nimechuchumaa naziba pancha ya dada mmoja mpita njia. Akaja Mama Miche, kakunja uso. Analima ekari moja ya mahindi na kuuza miche ya mboga mbele ya nyumba yake. Alikuwa ametoka kusoma tangazo ofisi ya kilimo: maeneo yaliyokaukiwa yatagawiwa mbegu bure, na letu halimo. Mahindi yake yameungua yote, mbegu hana, na orodha inafungwa saa kumi. Damu ilinichemka.

— Sababu wameandika? akauliza Dobi.

— "Eneo limepata mvua ya kutosha."

— Mvua ipi? Miezi mitatu sijakimbilia kamba kuanua nguo hata siku moja!

— Ndiyo unavyofurahia, wewe. Jua lako hilo.

— Furaha gani, Mama? Maji ya kufulia nanunua kwa dumu!

Profesa akatua kikombe. Alifundisha darasa la tatu kwa mwaka mmoja, zamani sana, na hajaacha kufundisha mpaka leo.

— Sikilizeni. Ni mabati haya. Kila nyumba siku hizi bati. Joto linapanda, linalisukuma wingu, wingu linakwenda kunyesha kwa watu wa makuti.

— Acha hizo, nikamwambia. Tangazo linasema imenyesha hapa hapa!

— Basi ni ndege, akadakia Dobi. Zinapita juu zinakata mawingu vipande vipande. Kipande kidogo hakiwezi kushika maji.

— Na dunia yenyewe imelala upande, akaongeza Profesa. Visima vimezidi upande mmoja. Imepoteza uzito.

— Jamani, nimewaambia mahindi yangu yameungua, akasema Mama Miche. Mnaniletea ndege?

Hapo Bwana Maua akakohoa. Ndiye mtunza bustani wa ofisi ya kilimo, kijana mpole, na ofisi ikisemwa vibaya anaumwa yeye.

— Msiwaonee wakubwa. Huenda inanyesha usiku. Nyie mmelala. Mpaka kunakucha, ardhi imeshakunywa.

— Wee! Inyeshe mwezi mzima juu ya bati langu nisisikie? Mimi nimekufa?

— Mimi nasema tu, Mama. Karani wa ofisi anapima mvua. Hawezi kuandika uongo.

— Karani yule hata dirisha hafungui! nikafoka. Anakaa na feni na pazia, anatuandikia mvua! Atoke nje aangalie juu, shingo itamvunjika?

Nilikuwa nimesimama, gundi mkononi. Yule dada mwenye baiskeli, aliyekaa kwenye ukingo wa benchi, akauliza kwa upole:

— Samahani, anapimia nini?

Tukatazamana. Profesa akajimiminia kahawa nyingine.

— Nyumbani kwetu walikuwa na kikopo cha bati, dada akaendelea. Kinawekwa juu ya nguzo fupi, mahali pa wazi. Asubuhi wanasoma maji yaliyoingia, wanaandika, wanayamwaga.

Bwana Maua akacheka.

— Hicho siyo cha mvua, dada. Hicho tunacho, katikati ya maua yangu. Ni cha kutegea wadudu.

— Nani kakwambia? nikamwuliza.

— Si naona mwenyewe? Kinakuwa na wadudu waliozama. Ila karani hana akili ya bustani, anamwaga maji kila asubuhi. Sasa mdudu atazama kwenye nini? Basi nikikiona kikavu siku mbili tatu, jioni nikimwagilia maua nakitia kidogo.

Hakuna aliyecheka naye. Kicheko chake kikaishia njiani. Akamtazama dada, akanitazama mimi, halafu Mama Miche. Nilimwona anavyoelewa, na ilikuwa vibaya kumtazama.

— Kidogo tu, akasema. Kidogo sana.

— Na kazi pale, dada akauliza, ulianza lini?

Sisi tulijua, maana siku alipopata kazi alitununulia kahawa hapa hapa. Dobi alianza kuhesabu kwa vidole, alipofika cha tatu akauficha mkono mfukoni. Misimu mitatu. Msimu wa kwanza nao mbegu za bure zilitupita, ndipo mtoto mkubwa wa Mama Miche akatolewa shule akaenda kubeba mizigo mjini, na hapa benchini sote tulimlaumu mama yake kwamba hajui kulima.

Mama Miche hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

— Saa ngapi sasa? akaniuliza.

— Saa nane na nusu.

— Inuka, mwanangu, akamwambia Bwana Maua. Twende ofisini ukaseme.

— Watanifukuza, Mama. Nina watoto wawili.

— Najua, akasema, akamshika mkono. Na mimi nina watatu. Inuka.