Mjomba Kola, Dobi Asiyesikia Harufu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Kola, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni na mshona nguo. Alifuatiwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye ni mama yangu. Mama ndiye aliyepaswa kusoma wasifu huu. Asubuhi hii amenipa karatasi na kuniambia nisome mimi, kwani sauti yake haitamfikisha mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Alikuwa na sare moja. Kila jioni aliifua, akaikamua ndani ya taulo, na kaptura akailaza chini ya godoro ili ikae sawa. Siku moja mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya wenzake, akaigeuza kola yake na kuwaita watoto wote waje waitazame. Marehemu alidhani ameitiwa adhabu, akaanza kulia. Kumbe mwalimu alikuwa anawaonyesha kola safi inavyokuwa. Jina likamganda tangu siku hiyo. Hata uzeeni, ukimsalimia, macho yake yalishuka shingoni mwako kwanza.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, akafua mashuka kwa miaka kumi na moja. Huko ndiko alikojifunza kwamba damu huondolewa kwa maji baridi, maana ya moto huipika ikaganda ndani ya uzi. Tarehe 2 Julai 1979 alifungua duka lake la udobi mkabala na kituo cha mabasi. Wateja mliofika hapa mnayakumbuka masharti yake. Doa la mafuta ulinyunyizie poda, uliache mpaka kesho yake. Wino uguswe kwa pamba yenye spiriti, kutoka ukingoni kuja katikati, na ole wako usugue. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje, zianikwe kivulini. Sweta ikunjwe, isitundikwe, isije ikafika magotini. Viatu navyo alisema vinachoka, usivivae siku mbili mfululizo. Mtu akileta suti ile ile kila wiki, alimrudisha nayo nyumbani akaipige brashi tu, kwa kuwa kuifua mno ni kuizeesha. Dobi gani anafukuza wateja? Lakini walirudi.

Alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1976 na muuguzi wa hospitali ile ile. Walijuana kwenye dirisha la kuchukulia sare. Mara tatu alimwambia aproni yake haijatakata, arudi kesho. Mara ya nne yule dada akamuuliza, "Aproni ina doa, au wewe una neno?" Mjomba akakiri kwamba aproni ilikuwa safi tangu Jumatatu. Hawakujaliwa mtoto. Walipendana hadi alipofariki mkewe, Aprili 1998. Baada ya hapo mjomba alikula peke yake na kulala peke yake katika vyumba viwili nyuma ya duka.

Juni 2011 aliugua mafua makali kwa wiki mbili. Alipopona, uwezo wa kunusa haukurudi. Hakusikia harufu ya sabuni, wala ya nguo inayoungua chini ya pasi. Hakumwambia mtu. Septemba mteja mmoja alirudisha koti lililonuka uvundo, akamuuliza mbele ya foleni, "Mzee, hili ulilinusa kweli?" Mjomba aliomba radhi, akalifua upya. Lakini siku hiyo hofu ilimwingia: kama hawezi kunusa koti la mtu, yeye mwenyewe atajuaje ananukaje? Mkewe angemwambia. Sasa nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Akawa anaoga mara tatu kwa siku, akafua mashati yake hadi yakawa membamba kama karatasi, na akaacha kuingia nyumba za watu.

Sisi hatukujua. Mwaka 2014 hakuja kwenye harusi yangu. Alituma vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi na wanga. Mama aliumia, akasema kaka yake siku hizi anajiona. Wakakaa karibu miaka mitatu bila kusemezana.

Tarehe 11 Machi 2017 nilimpelekea mkoba wa ngozi ulioota kuvu. Alitoka nao nje, akaupangusa kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa chenye siki na maji. Aliujaza karatasi nyeupe, akanieleza kwamba gazeti lisitumike kwa sababu wino wake huhamia kwenye ngozi, na akauweka kivulini penye upepo. Halafu akaniuliza kama bado unanuka. Nikacheka, nikamwambia pua si anayo. Akavuta kiti, akakaa mbali nami, akanieleza yote.

Mwishowe akasema, "Mwanangu, njoo uninuse. Usinihurumie, niambie kweli."

Nilimsogelea, nikamnusa.

"Unanukia sabuni, mjomba. Sabuni tu."

Alijifunika uso kwa kitambaa cha kupigia pasi, akalia kwa muda mrefu.

Nilipomsimulia mama, alivaa viatu, akatoka. Tangu hapo alikwenda dukani kila Jumamosi, akamnusa kaka yake kabla hata ya salamu, na siku nyingine alimtania kwamba akaoge tena. Siku sita zilizobaki za kila wiki mjomba alikuwa peke yake, na hatukujitahidi vya kutosha kumtembelea. Nimelisema hili kwa kuwa ni kweli.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2022. Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, fundi viatu wa jirani aliona mlango haujafunguliwa. Daktari alisema moyo ulisimama usingizini. Zilikuwa zimebaki siku nne mama aende.

Ameacha dada mmoja, mpwa mmoja, wajukuu wawili ambao ni watoto wangu, na fundi viatu aliyekuwa jirani yake kwa miaka ishirini. Dukani kuna nguo kumi na saba zilizokwisha kufuliwa na kunyooshwa. Mama atakuwa pale kesho na keshokutwa. Wenyewe njooni mzichukue, na mkipata nafasi, kaeni naye kidogo.

Mjomba wetu apumzike, na amani iwe naye.