Nyumba ya Bunduki Arobaini na Moja

Kaka yetu, ambaye ofisini walimwita Mzee Kadi, alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa bohari la mbao na mama mshona nguo. Familia imeniomba mimi mdogo wake niwasomee maisha yake, na wifi yangu amenionya nisipandishe sauti. Nitajitahidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Akiwa darasa la tano, monita alimwandikia utoro siku ambayo alikuwepo. Kaka alimng'oa jino mbele ya darasa zima. Alichapwa viboko sita, kisha mwalimu akasahihisha daftari la mahudhurio. Mama alipomuuliza amepata faida gani, alijibu, "Makalio yatapona, mama. Daftari lingebaki vilevile."

Tarehe 2 Juni 1971 majambazi walimpiga baba risasi ya tumbo kwenye lango la bohari. Kaka alikuwa amempelekea chakula cha mchana, akamkuta amekaa chini, amejishika matumbo kwa mikono miwili. Bunduki waliidondosha palepale, namba yake ikisomeka vizuri. Askari walikwenda kuitafuta kwenye rejista ya silaha ya serikali, wakarudi na jibu moja: kadi haionekani. Wauaji hawajapatikana hadi leo. Kaka alimaliza kidato cha nne kwa taabu, na alipotafuta kazi alitaka ofisi moja tu.

Aliajiriwa kuwa karani wa rejista hiyo tarehe 1 Agosti 1979, ghorofa ya pili, kwenye makabati ya chuma na paa linalovuja. Huko ndiko alikokutana na wifi, aliyekwenda kurudisha bunduki ya marehemu baba yake. Kaka alimrudisha nyumbani mara mbili, kwa kuwa namba kwenye kadi na namba kwenye chuma zilipishana tarakimu moja. Mara ya tatu wifi aliibwaga bunduki juu ya kaunta, kioo kikapasuka, akasema, "Pokea, au nikupige nayo." Kaka aliipokea, akasahihisha kadi, akaomba radhi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Aprili 1986.

Mwaka 2009 zililetwa kompyuta, na kadi zote zikatakiwa kuingizwa humo. Kadi arobaini na moja zilikuwa zimelowa maji ya paa, namba za bunduki zinasomeka lakini jina na anwani ya mwenyewe zimefutika. Mashine haikukubali kuhifadhi silaha isiyo na anwani. Mkuu wake alimwambia, "Weka yoyote, twende." Kaka aliweka ya kwake. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akaniambia, "Nikiweka ya mtu mwingine, huyo ndiye atakayeumia. Nikiweka yangu, najua pa kuanzia kusahihisha."

Aliandika barua kumi na moja akiomba wenye silaha hizo watafutwe. Hakujibiwa hata moja. Alistaafu tarehe 9 Machi 2018, na nakala za barua akaziweka kwenye faili la bluu juu ya kabati la chumbani.

Mwezi uliopita wezi walivamia duka la vifaa vya ujenzi wakamuua mwenye duka na mteja wake. Waliacha bunduki moja. Polisi waliingiza namba yake kwenye mashine, ikawapa anwani ya kaka, na chini yake bunduki nyingine arobaini. Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, walivunja mlango kwa nyundo. Walikuwa kumi na mmoja. Wifi alipigwa kitako cha bunduki, mfupa wa bega ukakatika. Kaka alijua mara moja wamefuata nini. Alipaza sauti, "Ngojeni, ninazo karatasi zake," akanyoosha mkono juu ya kabati. Walimpiga risasi tatu. Mbili zilipita kwenye faili. Kisha walichimbua sakafu siku mbili, wakapata jembe na visu vya jikoni, na redioni wakamwita jambazi mwenye ghala la silaha.

Hospitalini alifungwa pingu ya mguu kitandani. Kwa sauti ndogo alimwambia askari aliyemlinda, "Afande, namba ya bunduki yako inafutika. Ipeleke igongwe upya." Alifariki Jumamosi tarehe 14 Oktoba, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Askari yule amekuja leo, amesimama kule nyuma. Tunamshukuru.

Juzi mkuu wa sasa wa rejista alikuja kutupa pole. Nilimuuliza watazifuta lini zile bunduki kwenye anwani yetu. Alijibu kwa adabu kabisa, "Mama, silaha haifutwi mpaka irudishwe. Mkizileta, tutazifuta." Hata ile iliyo mikononi mwa polisi bado inahesabiwa iko kwetu. Zile arobaini anazo nani, hakuna anayejua, na hakuna anayeuliza. Nakiri mbele ya jeneza hili kwamba nilitaka kumzaba kofi, na hamu hiyo haijanitoka.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mimi. Mkwe wetu, fundi seremala, alileta mlango mpya jana. Wifi alimkataza kuupachika. Alimwambia, "Uache tu ukutani, mwanangu. Kwenye mashine yao bunduki bado ziko humu. Wakija tena wakute wazi, waingie taratibu."

Tukitoka hapa makaburini, anarudi kulala kwenye anwani hiyohiyo. Pumzika kwa amani, kaka. Sisi tunakaa mlango wazi.