Bi. Noeline Pascoe na Kaseti ya Mama Mele

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Bi. Noeline Pascoe, fundi mkuu wa karakana ya Marchbanks na Wanawe hapa Mtaa wa Jackson, Petone, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Machi 2025. Sentensi hiyo ndiyo pekee iliyosalia katika wasifu nilioagizwa kuuandika. Zilizobaki nimezitupa, na nitawaambia kwa nini.

Wiki iliyopita bosi wetu, Alistair Marchbanks, alinifuata kaunta akiwa na uso wa sikukuu. "Kelvin, tuandikie kitu kichangamfu, watu wacheke. Ila ile habari ya yule mama na kaseti yake, achana nayo. Yaliyopita si ndwele." Nikamjibu sawa. Nikarudi nyumbani, chai ikanishinda kunywa. Si ndwele kwa nani? Aliyeugua ni mwingine, anayesema imepona ni mwingine! Kwa hiyo karatasi mliyoshika nimeichapa mwenyewe asubuhi ya leo, kwa mashine ya duka na wino wa duka. Bosi akitaka kunikata mshahara, anajua nilipo.

Tuanze na mazuri, maana yapo tele. Bi. Noeline alitoka Westport, alikokuwa fundi wa mitambo ya simu hadi kazi zilipopunguzwa. Mzee Marchbanks, baba yake Alistair, Mungu amrehemu, alimuuliza siku ya usaili anajua nini kuhusu muziki. "Sijui lolote," akajibu. "Ila waya ukisema uongo, naujua." Mzee akamwajiri palepale na kumpa funguo za karakana. Mzee alikuwa na akili, tuambiane ukweli, na akili si mali ya kurithi.

Siku hizo sidii zilikuwa zimeshaingia majumbani, na watu wa bonde hili walikuwa wakirundika vyombo: kimoja cha kusoma sidii, kingine cha kukuza sauti, cha tatu cha kurekodi, na waya nyuma kama tambi zilizomwagika. Kisha wanakuja kulalamika kwamba sauti imefifia. Bi. Noeline aliwafundisha jambo moja tu, na amelirudia hadi sisi tukaliota. Ndani ya sidii hamna muziki, alisema, mna hesabu. Zipitishe kwenye kebo ya dijitali zikiwa hesabu hivyohivyo, zigeuzwe kuwa sauti mara moja tu, kwenye chombo cha mwisho. Wewe ukizigeuza kuwa sauti, ukazirudisha kuwa hesabu, ukazigeuza tena, unafanya kama anayehamisha chai vikombe vitatu kisha anamlaumu mpishi kwa nini imepoa.

Kisa cha bwana mmoja wa Eastbourne hakuna asiyekijua hapa, lakini wageni wamekuja, wacha nikirudie. Aliingia dukani akifoka, amekumbatia chombo kipya kama mtoto mgonjwa. "Mmeniuzia kopo! Halitoi hata mlio!" Bi. Noeline akatoka karakanani, akamwomba ile kebo ya mwanga, ile nyembamba inayopitisha hesabu kwa mwale badala ya umeme. Akaishika nchani, akavuta kifuniko kidogo cha plastiki, akakiweka kwenye kiganja cha yule bwana. "Baba, hiki kinavuliwa kwanza." Bwana akakitazama. "Mbona hamkuandika?" "Tumeandika. Kwenye ile karatasi uliyotupa pamoja na boksi." Tangu siku hiyo yule bwana hutuletea ndimu kila msimu, na vifuniko vya wenzake waliosahau kuvua vimejaza chupa nzima ya jamu juu ya meza ya fundi wetu.

Na zile kebo za dhahabu? Jamani! Alistair aliziweka kwenye kabati la kioo, na taa juu yake, kama mkufu wa bibi harusi. Mteja akamuuliza Bi. Noeline kama ni kweli zinaufanya muziki uwe mtamu zaidi. "Tano ikisafiri na ikafika tano, imefika," akasema. "Haifiki ikiwa tano yenye asali. Kebo mbovu utaijua, sauti itakatikakatika. Hii ya kawaida haikatiki. Nenda ukale samaki na chipsi kwa hizo pesa zako." Mteja akaondoka na kebo ya kawaida, Alistair akanuna hadi jioni. Lakini kuniambia mimi kwamba fundi akisema ukweli kwa mteja anaihujumu kampuni, hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka, na haijapoa.

Sasa nakuja kwenye kile nilichokatazwa.

Mwaka 2009, katikati ya majira ya baridi, alikuja Mama Mele Fonokalafi wa Naenae. Mumewe, Sosaia, alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa lao la Kitonga kwa miaka mingi, na alikuwa amefariki kabla ya Pasaka. Mama akaweka juu ya kaunta yangu mashine ya nyumbani ya kurekodi, ile ya kaseti ndogo za dijitali, na kaseti moja iliyofungwa kwenye leso. "Mwanangu," akaniambia, "mume wangu yumo humu." Kaseti ya asili ilitafunwa na mashine zamani. Hii ilikuwa nakala yake, nayo ilikuwa ya pekee duniani. Na mashine yenyewe ilikuwa imeanza kukoroma. Alitaka nakala nyingine kabla haijakata roho.

Kumbe watengenezaji wa mashine hizi za nyumbani waliweka alama ya siri inayosafiri pamoja na hesabu ndani ya kebo. Alama inasema: cha asili kinakiliwe, lakini nakala isizae nakala. Nia ilikuwa kuwazuia wezi wa muziki. Haya, wezi wazuiwe, sina ugomvi. Lakini alama haina macho. Haimjui mwizi, haimjui mjane. Tulipounganisha kebo ya dijitali, mashine yetu ikawasha taa nyekundu na kukataa katakata. Mtu anakataliwa sauti ya mume wake mwenyewe, iliyorekodiwa na wanakwaya wenyewe, kwa kipaza sauti walichokinunua wenyewe!

Alistair akasema hilo si tatizo. Akachukua waya za kawaida, zile nyekundu na nyeupe zinazopitisha sauti badala ya hesabu, akarekodi kwa njia ya kienyeji, akamkabidhi mama nakala na kumchaji. Lakini matundu ya kawaida ya ile mashine chakavu yalikuwa yameoza, yanavuma kama friji. Tundu la dijitali ndilo pekee lililobaki zima. Kesho yake Mama Mele akarudi. Hakupiga kelele. Akaweka nakala juu ya kaunta. "Kwaya ipo," akasema. "Sosaia hayupo."

Alistair akacheka. "Mama, ni mvumo kidogo tu. Nani atausikia?"

"Baba, mwongoza kwaya haimbi," Mama Mele akamjibu. "Ananyoosha mikono tu. Wimbo wa mwisho ukiisha, kabla hawajazima, ananiambia neno. Kwa sauti ya chini. Ni hapo tu alipo. Wewe umempaka matope."

Bi. Noeline alikuwa mlangoni mwa karakana, bisibisi mkononi, amesikia yote. Akamwambia, "Mama, niachie hadi Alhamisi." Akakaa na vipande vya mashine zilizokufa, akalehemu kijisanduku kisichozidi mche wa sabuni. Kijisanduku hicho kinakaa kati ya mashine mbili, kinaziachia hesabu zote zipite kama zilivyo, kisichoruhusiwa kupita ni ile alama peke yake. Hakujificha. Alikifanya mchana kweupe, mbele yetu, huku anapiga mluzi. Alhamisi nakala ikatoka, haikupungua hata chembe.

Tukamketisha Mama Mele kwenye kiti cha chumba cha kusikilizia, tukamvalisha vipokea sauti masikioni. Akasikiliza wimbo wote amefumba macho. Ulipoisha tukadhani atalia. Akapasuka kicheko! "Amekuja!" akapiga paja. "Anagomba vilevile! Sosaia wee!" Tukamuuliza amesemaje. "Mele, vaa koti, nje baridi." Akavua vipokea sauti, akamkumbatia fundi wetu kwa nguvu hadi miwani ikaanguka.

Na ndipo Alistair alipoingia, wateja wamejaa. Akauliza kijisanduku hicho ni cha nini, akaelezwa. "Umevunja kufuli ya watu," akamwambia mbele ya kadamnasi. "Huo ni wizi, Noeline. Wizi, ndani ya duka langu." Akakinyakua na kukitupa kwenye pipa. Fundi bora kuliko wote tuliowahi kuwa naye akapelekwa stoo kufunga vifurushi majira yote ya baridi. Alimuibia nani? Nitajieni jina la aliyeibiwa! Marehemu aliyemwambia mkewe avae koti? Alirudishwa karakanani majira ya kuchipua, si kwa huruma, bali kwa sababu vyombo vibovu vilikuwa vimejaa hadi mlangoni na hapakuwa na wa kuvigusa. Pole hakuambiwa. Samahani hakuisikia.

Basi tokeni nje sasa hivi mkatazame kioo cha duka. Mtaona bango zuri lenye picha ya babu na wajukuu: "Tunaokoa Kaseti za Familia Yako, Sauti Ileile, Bila Kupungua." Kazi hiyo inafanywa kwa njia ileile, kwa kijisanduku ndugu wa kile kilichotupwa, kilicholehemewa na mikono ileile. Akifanya Noeline ni mwizi, akiuza Alistair ni huduma kwa jamii. Kweli watu hawana haya!

Mwezi uliopita nilikuwepo alipomfuata bosi ofisini. "Alistair, sitaki keki wala saa ya ukutani. Simama mbele ya wenzangu useme kwamba sikuiba. Nataka kwenda nyumbani na jina langu." Alistair akamtazama kama anayetazama bili ya mtu mwingine. "Aa, Noeline, bado unalo hilo?" Akaenda kununua zawadi kwa michango yetu sote. Mnajua zawadi yenyewe? Ipo pale mezani, chini ya ile karatasi ya maua. Ni kispika cha plastiki kinachowaka taa za rangi, kinachopokea muziki kutoka kwenye simu. Kumpa Noeline Pascoe hicho ni kumzawadia mvuvi kopo la samaki, tena lililotoboka.

Ratiba mliyoandaliwa ilisema kwamba baada ya keki za lamington na chai kutakuwa na muziki laini kutoka simu ya bosi. Hilo nimelifuta. Kwenye meza ya mbele kuna mashine, kebo moja ya dijitali, kifuniko chake kimevuliwa, nimekagua mara mbili, na zile spika mbili kubwa za chumba cha kusikilizia ambazo wenzangu walinisaidia kuzibeba. Ndani ya mashine mna kaseti ya Mama Mele. Mwenyewe amekuja, amekaa mstari wa mbele, kulia kwako, Alistair. Msalimie.

Kwaya itaimba wimbo mmoja. Ukiisha, tafadhalini, msipige makofi, msiguse vikombe, asikohoe mtu. Kuna mwanamume bado hajamaliza kusema.

Akimaliza, zamu ni yako, bosi. Hotuba yako iache mfukoni, hatutaihitaji. Neno tunalolisubiri ni moja, nawe unalijua, na Noeline amelisubiri muda mrefu kuliko sisi sote. Likikukwama, Mama Mele ameniambia atalisema yeye, na yule mama hahitaji kipaza sauti.

Dada Noeline, ahsante. Ahsante kwa kila chombo ulichokirudishia uhai, kwa kila mteja uliyemwambia ukweli hata ulipokugharimu, na kwa mjane mmoja uliyekataa aende nyumbani na mvumo wa friji. Chupa ya vifuniko tumekufungia uende nayo kwenu Westport unakorudi. Tunakuombea siku njema mbele yako, ndefu na tulivu, zikufikie nzima bila kupungua chembe, kama ulivyotufikishia sisi kila ulichokabidhiwa. Upepo wa kusini, ule wa baridi, umeanza huko nje, tumeusikia tangu asubuhi. Noeline, vaa koti.

Kelvin Tapsell, kaunta, kwa niaba ya wenzako wote wa duka na karakana