Lori Litapita Wapi

Jambo moja sijalielewa mpaka leo: habari za lile gari zilifikaje kijiweni kabla ya mwenye gari kumwambia mtu? Dada Mageti alikwenda bandarini kimya kimya, akarudi kimya kimya, akavaa ovaroli yake na kuendelea kuchomelea geti la watu. Kesho yake alipofungua karakana, kijiwe kizima kilikuwa kinajua kwamba amenunua gari la spoti, jipya, la kijani, na kwamba bado liko bandarini linangoja kuletwa. Nimewauliza wote mmoja mmoja. Kila mmoja alisikia kwa mwenzake. Kijiwe chetu ni benchi la chuma lililosimikwa kwa saruji pale barabara kubwa inapokunja kuingia mtaani, mkabala na jiko la Shemeji, muuza kahawa, ambaye si shemeji wa mtu hata mmoja pale lakini hakuna anayemwita vingine. Asubuhi hiyo benchini tulikuwa wanne. Alikuwepo Jaji, aliyekuwa tarishi wa mahakama na kustaafu na tabia za hakimu. Kapteni, aliyepanda meli mara moja maishani. Fundi Redio, ambaye siku hizi hutengeneza simu lakini jina limeshaganda. Na mimi, ambaye kazi yangu pale ni kusikiliza.

— Kampuni za kuleta magari ni tatu tu, alianza Fundi Redio huku akipuliza kikombe. Kuna Upepo, kuna Mkono kwa Mkono, na kuna ile ya Mama na Wanawe. Hizo nyingine ni malori ya matofali yaliyopakwa rangi.

— Upepo hapana, alisema Jaji. Gari la spoti lina mbio zake. Ukimpa mtu anayejiita Upepo, umepakia mbio juu ya mbio. Kesi imeisha.

— Kwani jina ndilo linaloendesha lori?

— Jina ni ushahidi, bwana.

Kapteni alitikisa kichwa kwa huruma.

— Nyinyi mnahangaika na majina. Mimi nauliza, gari litapakiwa likitazama wapi? Likitazama mbele, upepo wa njia nzima unaingia puani mwake. Linafika na mafua. Gari la maana husafiri kinyumenyume. Kule melini tulikuwa tunayapanga hivyo.

— Kule melini ulikuwa unatapika, alisema Shemeji bila kugeuka.

— Nilikuwa natapika huku naona.

Jaji aliinua kidole, kama afanyavyo anapotaka hukumu isikike mpaka ng'ambo.

— Ukitaka kuchagua kampuni, chagua dereva. Mtafute dereva mnene. Mnene hana haraka. Kila mji anasimama kula, injini inapoa, mzigo unapumzika. Mwembamba ana njaa, anawahi nyumbani.

— Kwa hiyo Dada aombe picha za matumbo?

— Aombe. Ni haki yake kama mteja.

— Hamjui wezi nyinyi, alisema Fundi Redio, na sauti akaishusha, ingawa mtaani hapakuwa na mtu. Gari kama lile likipita wazi, simu zinapigwa mji kwa mji. Nimewahi kutengeneza simu ya namna hiyo, naijua. La kufanya, liingizwe kwenye lori la ng'ombe. Ng'ombe mbele, ng'ombe nyuma, gari katikati. Nani atafukua samadi akitafuta gari la spoti?

— Na ng'ombe akilikalia?

— Ng'ombe akiwa safarini hakai. Ana adabu zake.

— Mimi ningelifungua lote, alisema Kapteni. Milango kivyake, magurudumu kivyake. Linapanda basi kama mizigo ya abiria, tunalipokea hapa, tunaliunga.

— Ukiliunga wewe litatoka cherehani.

Tulikuwa bado tunacheka Dada Mageti alipovuka barabara, miwani ya kuchomelea ameipandisha juu ya paji la uso, simu mkononi.

— Naona gari mmeshaninunulia, alisema. Sasa mnanisafirishia.

— Tunakusaidia mawazo, dada yangu, alisema Jaji. Sogea ukae.

— Sikai. Bandarini wanataka jina la kampuni leo kabla hawajafunga. Wakikosa, dereva wao analiendesha kulipeleka yadi. Na mimi sitaki mtu aliendeshe.

— Si mwendo mfupi tu, alisema Fundi Redio. Litapungua nini?

Dada Mageti alimtazama kidogo. Hakuwa mtu wa kueleza mambo ya nyumbani kwake barabarani, nikaona jinsi ilivyomgharimu.

— Baba yangu kaendesha magari ya watu tangu ujana wake, alisema. Basi la kampuni, lori la kiwanda, mwisho ambulensi. Yote aliyakuta yameshachakazwa. Siku moja kaniambia, mwanangu, sijawahi kukalia kiti cha dereva ambacho hakijabonyea umbo la mtu mwingine. Sasa miguu yake inamfikisha mlangoni tu. Lakini gari hili halina klachi, mguu mmoja unatosha. Nataka lifike mlangoni pale, mtu asikikalie kile kiti, wala mimi. Akae yeye, aliwashe yeye. Baada ya hapo hata likisombwa na mafuriko, mimi nimemaliza.

Kapteni alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Basi piga simu, alisema Shemeji. Weka sauti ya juu tusikie wote. Waulize watalipandishaje.

Akawapigia Upepo. Alipokea kijana, nyuma yake muziki unapiga.

— Usijali, mama. Tunaliwasha kidogo tu, linapanda lenyewe.

— Nani anakaa kitini?

— Kijana wetu. Msafi kabisa.

Dada alikata simu.

— Nilisema, alinong'ona Jaji. Ushahidi.

Wa Mkono kwa Mkono alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito ya kutuliza watu.

— Hilo la kupandisha, mama, tutaliona hukohuko.

— Hukohuko ni wapi? aliuliza Shemeji akiwa jikoni kwake.

— Hukohuko tu, mama.

Dada alikata tena. Ilikuwa imebaki moja.

Kwa Mama na Wanawe alipokea mwanamke. Nyuma yake nyundo ilikuwa inagonga chuma, akamkemea mtu, nyundo ikanyamaza.

— Tunalivuta kwa winchi, alisema. Ufunguo tunaugeuza nusu tu, usukani ulegee, injini hailii. Mwanangu anaushika usukani kupitia dirishani, yeye kasimama nje. Kulishusha ni hivyo hivyo. Kitini hakai mtu, labda yeye aote mabawa.

Dada Mageti alifumba macho.

— Na mlangoni mnafika?

— Tunafika popote lori linapopita, mama. Lori letu ni refu. Mtaani kwenu linapita?

— Linapita! kijiwe kilijibu kwa sauti moja.

— Hata meli inapita! aliongeza Kapteni.

Kando ya jiko alikuwa amesimama mpangaji mpya wa nyumba ya pembeni, kikombe mkononi, akingoja nafasi ya kukirudisha. Alikuwa hajazoea kuzungumza mbele yetu.

— Samahani, wakubwa zangu, alisema. Mimi nilipohamia, lori la vyombo vyangu lilishindwa kukata kona hii kwa sababu ya hili benchi. Nikabeba kitanda kichwani kutoka barabara kubwa. Nyinyi mlikuwepo, mliniambia nikunje godoro. Sasa hilo lori refu litapita wapi?

Fundi Redio alitazama kushoto, Kapteni akatazama kulia, kama watu wanaotafuta mwenye kosa. Mimi niliinamisha macho, nikaona miguu ya benchi imezama kwenye saruji, na miguu yetu imepangwa juu ya saruji hiyo hiyo, imetulia kabisa. Asubuhi nzima tulikuwa tumekalia kizuizi huku tukichagua lori.

— Haloo? ilisema simu. Mama, bado mpo? Linapita?

Dada Mageti aliifunika simu kwa kiganja.

— Benchi ni lenu, alisema polepole. Sitawaomba.

— Na vizuri usiombe, alisema Jaji, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Benchi hili limekuwepo kabla ya karakana yako. Mtu hang'olewi alipokaa bila kusikilizwa. Tukishaondoka hapa tutakaa wapi? Mimi nyumbani nina nini cha kukaa kutazama?

Simlaumu. Kuna watu ambao siku yao nzima imefungwa kwenye ubao mmoja wa kukalia, na yeye alikuwa mmoja wao tangu mkewe alipofariki. Dada Mageti alilijua hilo. Shemeji ndiye aliyeweka birika chini.

— Jaji. Mwanao wa kwanza alizaliwa wapi?

— Hayo yanahusiana nini na kesi hii?

— Jibu swali. Uko kizimbani.

— Kwenye ambulensi, alisema Jaji. Pale darajani. Tulikuwa hatujafika.

— Nani alikuwa anaendesha?

Jaji alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama na mashapo ya kahawa.

— Na nani alisimamisha gari, akavua shati la kazi, akamfunika mtoto, akaendesha kifua wazi mpaka hospitali? Mke wako alikuwa ananihadithia kila mwaka, bwana wee. Nalijua mpaka na vifungo vya lile shati.

Jaji alisimama. Alijikung'uta suruali mbele na nyuma, bila haraka.

— Mahakama imesimama, alisema. Nanyi mmekaa?

Tukasimama wote. Akamnyang'anya Dada simu.

— Linapita, mama! Leteni!

Lori liliingia asubuhi, jua bado halijawa kali. Benchi lilikuwa limekatwa na Dada Mageti usiku wa kuamkia siku hiyo na kuegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya pembeni, na tairi la mbele lilipita palepale tulipokuwa tunakaa, nyuma ikabaki nafasi ya kiganja. Dereva alikuwa mwembamba kama ufito. Jaji alikiri kwamba kila kanuni ina siku yake ya mapumziko. Gari lilikuwa limetazama mbele njia nzima. Kapteni alilichungulia puani kwa muda mrefu, akatangaza kwamba ni zima.

Mzee, baba yake Dada Mageti, alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye kiti mlangoni, shati limenyooshwa mikunjo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Winchi ililegeza waya, gari likateremka bila kelele, na yule mwana wa Mama, mikono dirishani, akatembea nalo kando kama anayemshika mgonjwa. Kimo chake kilikuwa kifupi mno. Binti yake na mpangaji walimshusha Mzee ndani kama mtu anayeingizwa kwenye maji ya kuoga.

Akakaa. Akakibonyeza kiti kwa viganja vyote viwili. Kisha, kabla ya jambo lolote, akarekebisha kioo cha kati, akatazama kioo cha kulia na cha kushoto, na sisi tuliokuwa nyuma tukajikuta tunasogea pembeni bila kuambiwa.

Akawasha.

Mabati ya karakana yalitikisika. Sijui kuieleza ile sauti; Shemeji alisema ni kama mtu mkubwa amekubali jambo. Mtaa mzima ulipiga kelele, na Dada Mageti, ambaye hajawahi kupepesa jicho mbele ya cheche, alijifunika uso kwa glavu zake.

— Binti, alisema Mzee. Panda, unachelewesha safari.

Wakaondoka taratibu, wakaikata kona bila kugusa kitu, wakapotea barabara kubwa. Tukangoja. Fundi Redio alianza kusema habari za wezi, tukamnyamazisha. Halafu tukamsikia Mzee anarudi kutokea upande wa pili, honi anaipiga mfululizo kama zamani alipokuwa na mgonjwa ndani, na watu wakampisha huku wanamshangilia.

Alisimama pale kwenye kona, akashusha kioo, akatazama visiki vya chuma vilivyobaki kwenye saruji.

— Hapa nitakuwa nakata kona kila asubuhi, alisema. Benchi likae ng'ambo, ukutani kwa karakana. Kuna kivuli, na mtaniona ninapotoka.

— Kuna nafasi ya kukata rufaa? aliuliza Jaji.

— Hakuna.

Ikaamuliwa hivyo. Dada Mageti alilichomelea miguu mipya siku hiyohiyo, na aliyelivusha barabara, begani, peke yake, akikataa kusaidiwa na mtu, alikuwa Jaji.