Watu wa Kumbeba Eilif Kvalnes

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Aslaug, mama wa marehemu, na historia hii naisoma mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyejitolea, na kabla sijaanza niseme kwamba jeneza hubebwa na watu sita na mpaka asubuhi hii tuko wawili, Ylva binti yake na mimi mwenye magoti mabovu, kwa hiyo sikilizeni huku mkilifikiria hilo.

Eilif Kvalnes alizaliwa hapa Rørvik tarehe 9 Machi 1974, mtoto wetu wa pekee, akasoma hapa hapa, na mwaka 1990, akiwa sekondari, alianzisha na wenzake bendi ya roki iliyoitwa Springflo, maana yake bamvua, wakifanya mazoezi mchana kwenye banda la boti la baba yake, nami nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee nalala na pamba masikioni. Mpiga ngoma alikuwa Arvid, aliyekaa leo benchi la mwisho.

Mwaka 1995 alihamia Oslo, akajiunga na bendi iliyoimba kwa Kiingereza, ikazunguka Uswidi na Ujerumani ndani ya gari moja, ikavunjika mwaka 2003 kwa ugomvi ambao sikuwahi kuelezwa, na baada ya hapo aliimba peke yake, akatoa albamu tatu kwa lahaja yetu, ya pili ikapigwa redioni kiangazi kizima, na waliomwona jukwaani walidhani ana marafiki tele. Aliishi na Torunn tangu 1999, bila ndoa ya kanisani, wakampata Ylva tarehe 2 Juni 2001, wakaachana 2008 bila kelele.

Alirudi nyumbani 2012, akaajiriwa kiwanda cha kupakia samoni, na hapo ndipo tulipokosea, maana tulimheshimu mno. Dukani walimpisha, kwenye kivuko hakuna aliyekaa meza yake, na nilipomuuliza Oddny, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwa nini hajawahi kumgongea, alinijibu, "Aslaug, mtu aliyechoshwa na kelele anataka atulie, siyo tumjazie sebule." Eilif mwenyewe aliniambia, "Mama, mimi hapa ni mnara wa taa, kila mtu anajua nipo, na hakuna anayekuja kunywa kahawa." Nikamwambia basi awaalike yeye, akacheka, "Na uzee huu, nikagonge milango niseme njooni tucheze?"

Saratani ya kongosho iligunduliwa Novemba 2023, akalazwa hospitali ya Namsos, akafariki tarehe 21 Februari 2024, saa nane mchana, nikiwa nimeshuka kutafuta kahawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani waliotuma maua, na majirani mliokuwa mkiondoa theluji mlangoni kwake kisha mkaenda zenu kimya kimya.

Wiki hii nimewapigia simu wengi wenu, na kila mmoja alisema wapo waliomjua zaidi, hata Arvid alisema, "Mimi nilimpigia ngoma tu, mama, watafute watu wake," nami nimetafuta, na watu wake ni nyinyi. Kampuni ya mazishi iko tayari kutoa vijana wake, nimewaambia wasubiri nje. Arvid, inuka, shika upande wa kichwani, Oddny nawe, na wawili wengine msingoje kutajwa.

Eilif, mwanangu, pumzika, wanakuja.