Kezia Ndayikeza, Aliyeambiwa Asichume (1974–2025)

Kezia Ndayikeza alizaliwa Nyakitonto, wilayani Kasulu, siku ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1974, akiwa mtoto wa nne wa mzee Stanislaus Havyarimana. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi miaka miwili kabla, na jembe moja, sufuria moja na watoto watatu. Kezia ndiye wa kwanza kuzaliwa upande huu. Hata hivyo aliulizwa karatasi zake mara nyingi kuliko waliobebwa mgongoni, na uraia alipoupata aliutia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo mawili. Mtu aliyelelewa hivyo hujifunza mapema kutobishana na mwenye muhuri. Wasikilizaji walishike hilo, maana ndilo lililomuua.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1983, akamaliza la saba mwaka 1989. Alifaulu, ila nafasi ya sekondari haikufika kijijini. Inakumbukwa kwamba darasani aliwahi kuuliza, "Mwalimu, uyoga unakula nini?" Mwalimu akamjibu, "Uyoga hauli, uyoga unaliwa," akamtandika viboko viwili ili aelewe. Hakuelewa. Alilibeba swali lake miaka ishirini.

Tarehe 25 Novemba 1995 alifunga ndoa na Nduwayezu, mkulima wa maharage na mahindi, wakahamia Kibondo. Wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Niyibizi. Nduwayezu anasimulia kuwa msimu wa kwanza alikuta mkewe amesimama mbele ya lundo la mabua na maganda ya maharage, akamnyang'anya kiberiti.

"Unalinda takataka?" alimuuliza.

"Ego, ndiyo. Wewe choma ya kwako."

Jibu la lile swali alilipata mwaka 2009, kwenye mafunzo ya wiki moja mjini Kasulu. Tangu hapo kazi yake ikawa moja. Alikatakata mabua, magunzi na maganda, akayaloweka, akayachemsha kwenye pipa hadi kila kidudu kikafa, akayapoza, akayashindilia kwenye mifuko pamoja na punje za mtama zilizooteshwa uyoga wa mamama, ndizo mbegu zake. Baada ya wiki tatu mfuko ulikuwa mweupe kwa nyuzi za uyoga, kama uliopakwa chokaa. Waliomtembelea aliwaambia, "Hizi nyuzi hazina meno. Zinatema maji yanayoyeyusha bua lile gumu, ng'ombe mwenyewe analiacha, halafu zinakunywa. Sisi tunatafuna ndipo tunameza. Zenyewe zinameza nje." Mfuko ulipochoka ulibaki mwepesi kama mto wa kulalia, na mabaki yake yakaenda kwenye migomba.

Mwanahawa, mwenye duka sokoni Kibondo, ndiye aliyekuwa mteja wake wa miaka yote. "Kezia, nyama yako haina mfupa wala haipigi kelele," alikuwa akimtania, "nitajuaje umeichinja kwa halali?" Kezia akamjibu, "Shoga, njoo mapema uisomee." Akafundisha wanawake kumi na mmoja, wakawa kikundi. Sheria yake kwao ilikuwa moja: uyoga unachumwa kingo zikiwa bado zimeinama. Ukingoja hadi zikabinuka juu, unaanza kumwaga vumbi jeupe, na vumbi hilo halina rafiki kifuani. Kwa miaka kumi na mitano hakuvunja sheria hiyo hata siku moja.

Aliivunja kwa amri. Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2024, mifuko mia mbili ilikomaa kwa pamoja. Mratibu wa mradi mmoja, uliokuwa umeahidi kukijengea kikundi banda la matofali, alifika kwa pikipiki.

"Mama Niyibizi, usichume. Jumatano tuna wageni. Wanataka kuona uyoga umesimama, siyo beseni."

"Baba, uyoga hausomi ratiba."

"Siku mbili tu. Au banda hamlitaki?"

Wenzake kumi na mmoja walikuwa wanalitaka, na mratibu alikuwa na muhuri. Kezia hakuchuma.

Jumatano wageni hawakuja. Walikuwa na semina. Ijumaa hawakuja, gari lilikuwa na jambo. Bandani kingo zilibinuka, hewa ikawa nyeupe. Alimpigia mratibu simu Jumamosi, binti yake Niyonkuru akiwa kando.

"Unatoa vumbi. Nakohoa, baba, nashindwa kupumua."

"Mwagilia maji mama, utatulia."

Akamwagilia, asubuhi, mchana na jioni, kwa maana uyoga ukinyauka wageni wangesikitika. Wageni walifika Jumanne, tarehe 19, siku nane baada ya uyoga kukomaa. Walisimama mlangoni, wakakohoa, wakamwomba yeye aingie wampige picha. Picha hiyo ipo kwenye kalenda ya mradi ya mwaka huu. Mratibu aliisifu akasema ina mvuke mzuri. Banda la matofali bado liko kwenye mchakato.

Homa ilianza usiku uleule, kifua kikazidi, na havikuondoka. Alipimwa makohozi mara tatu, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, akapewa dawa za kifua kikuu. Alizimeza zote kwa utiifu. Mwezi Juni, mbali na hapa, daktari mmoja kijana alimuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Swali hilo lilitumia miezi saba kufika. Alipojibiwa, alieleza kwamba vumbi la uyoga limeyachoma mapafu yakawa makovu, na kwamba angeondolewa kwenye lile vumbi siku za mwanzo, huenda angepona.

Nyumbani, Kezia alimwita Niyonkuru. "Mwana wanje, wakikwambia usubiri, chuma. Watakusamehe. Wasipokusamehe, chuma."

Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameketi, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena. Alikuwa na miaka hamsini.

Jana familia ililetewa na mradi wasifu mwingine, umeshachapwa vizuri, wenye maneno "aliugua kwa muda mfupi." Miezi minane si muda mfupi, asiyeamini abane pumzi. Pamoja nao ulikuja ujumbe kwamba Jumanne ijayo wageni watafika kumuenzi mama uyoga, hivyo uyoga uliopo bandani usiguswe. Nduwayezu aliusoma mara mbili, akauliza, "Hawa watu wana msiba wa nani?" Kisha akamtazama binti yake.

Leo saa moja asubuhi Niyonkuru alifunga kitambaa mdomoni, akaingia bandani na wale wanawake kumi na mmoja, wakauchuma wote, kingo zikiwa zimeinama. Ndio ulio kwenye sufuria za msiba. Viongozi waliokaa viti vya mbele wanakaribishwa kula. Kufikia Jumanne bandani kutakuwa na mifuko mitupu, na mlango utakuwa wazi.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Niyibizi, Niyonkuru na Stanislaus, wajukuu wanne, kaka zake wawili na kikundi chake.

Kezia wetu apumzike kwa amani, mahali penye hewa ya kutosha.